Mbegu Haisahau Wazazi Wake

Wakati wa mavuno tulikuwa tumeketi na jamaa mmoja karibu na Bariadi, tukiwasaidia kumenya mahindi. Mama wa nyumba ile alikuwa amepanda mahindi meupe matupu. Mbegu alizichagua yeye mwenyewe, punje kwa punje. Lakini alipomenya hindi moja, katikati ya punje nyeupe zikaonekana punje za manjano, zimetawanyika huku na huku kama nyota. Akatuonyesha, akasema, "Walimu, mimi sikupanda manjano. Je, mbegu hii imenidanganya?"

Babu wa nyumba ile akacheka, akajibu kabla yetu. "Mbegu haidanganyi, mwanangu. Tazama ng'ambo ya njia." Tukatazama, na ng'ambo ya njia palikuwa na shamba la jirani, nalo lilipandwa mahindi ya manjano.

Tuliporudi nyumbani tuliendelea kulifikiri jambo lile, kwa maana swali la yule mama ni kubwa kuliko hindi moja. Ni swali la kila mtu anayeweka mbegu ghalani: mmea humpa mtoto wake nini? Hupokea nini kwa mama, na nini kwa baba? Na kwa nini mbegu iliyozaa vizuri mwaka huu yaweza kutuaibisha mwaka ujao? Katika Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, swali hili lagusa sufuria na mfuko pia. Kwa kuwa mahindi, mtama na viazi ndivyo chakula, na pamba ndiyo fedha ya nyumba nyingi.

Kwanza tuangalie jinsi mmea unavyooa na kuolewa. Mhindi una maua ya namna mbili katika shina moja. Juu kuna mbelewele. Hilo ndilo ua la kiume, nalo hutoa chavua, yaani ule unga mwepesi wa manjano unaopeperushwa na upepo. Katikati ya shina kuna hindi changa lenye nywele. Hilo ndilo la kike. Kila unywele ni njia ya punje moja. Chavua ikianguka juu ya unywele, huteremka ndani yake mpaka ikaifikia punje yake, na hapo mtoto huanza. Basi hindi moja lenye punje mia nne lina mama mmoja, lakini laweza kuwa na baba wengi, wengine wa shamba hili na wengine wa shamba la jirani.

Ndiyo maana rangi ya manjano ilionekana mle mle katika hindi jeupe, mwaka ule ule. Unga ulio ndani ya punje hupokea kwa baba pia, na manjano ina nguvu juu ya weupe. Ila mtu mwenye macho mazuri ataona kwamba manjano ile ni hafifu, haikukolea kama ya jirani. Sababu yake ni kwamba sehemu ile ya punje hupata mafungu mawili kwa mama na fungu moja kwa baba.

Sasa fikirini kinyume chake. Chavua ya mahindi meupe nayo iliruka njia, ikaingia shamba la manjano. Je, jirani aliona punje nyeupe? Hakuona hata moja. Punje zake zote zilikuwa za manjano, akafurahi, akaweka mbegu. Lakini ndani ya baadhi ya punje zile weupe ulikuwa umejificha, ukingoja. Shamba jeupe husema siri yake mapema. Shamba la manjano huificha mpaka mwaka mwingine. Wote wawili walichanganyikiwa mbegu, lakini mmoja tu ndiye aliyepata habari.

Mtu wa kwanza kuonyesha sheria ya jambo hili kwa hesabu alikuwa mtawa, jina lake Gregor Mendel, aliyezaliwa mwaka 1822. Aliishi katika nyumba ya watawa mjini Brno, katika nchi iitwayo leo Cheki. Kuanzia mwaka 1856 hata 1863 alipanda njegere katika bustani ya nyumba ile, akiziozesha kwa mkono wake. Alichukua njegere za mbegu za mviringo, akaziozesha na njegere za mbegu zenye makunyanzi. Watoto wote wakatoka wa mviringo, hata mtu angedhani kwamba makunyanzi yamekwisha kufa. Mendel hakudhani hivyo. Akapanda watoto wale, akawaacha wajizalie wenyewe, kisha akaketi kuhesabu. Katika mbegu 7,324 za wajukuu, 5,474 zilikuwa za mviringo, na 1,850 zilikuwa na makunyanzi. Yaani karibu tatu kwa moja.

Basi makunyanzi hayakufa. Yalipita ndani ya watoto kimya kimya, yakatokea kwa wajukuu. Mendel akafahamu kwamba kila mmea una mafungu mawili ya urithi kwa kila sifa, moja la mama na moja la baba. Naye humpa mtoto wake fungu moja tu kati ya hayo mawili. Mafungu hayo leo huitwa jeni. Fungu lenye nguvu huonekana. Fungu dhaifu hukaa nyuma yake, wala halipotei. Mendel aliwasomea watu wa Brno habari hiyo mwaka 1865, ikapigwa chapa mwaka 1866, na karibu hapana aliyeijali. Alikufa mwaka 1884. Mwaka 1900 ndipo wataalamu watatu wa nchi mbalimbali walipoona jambo lile lile, wakakuta kwamba mtawa yule alikuwa amewatangulia.

Labda msomaji atasema, "Njegere za Brno zina haja gani na sisi watu wa Bariadi?" Na atazame shamba lake la pamba.

Ua la pamba hufunguka asubuhi, rangi yake ni ya maziwa. Kesho yake hugeuka wekundu, kisha huanguka. Tofauti na mhindi, ua moja la pamba lina ukiume na ukike pamoja, na chavua yake ni nzito yenye kunata, haichukuliwi na upepo. Kwa hiyo mara nyingi pamba hujizalia yenyewe. Lakini nyuki hupita ua hata ua, na palipo na nyuki wengi ndoa za shamba kwa shamba huwa nyingi pia. Tena mtoto wa ndoa hiyo haonekani katika kitumba. Nyuzi ni nyeupe, mbegu ni ile ile machoni. Pamba haina punje ya manjano ya kutuonya.

Wataalamu wanaotengeneza mbegu mpya huifanya kazi ya nyuki kwa mkono. Jioni, ua likiwa karibu kufunguka, huliondolea sehemu za kiume zote, kisha hulifunika lisipate chavua ya kigeni. Asubuhi huleta ua la mmea mwingine walioutaka kuwa baba, wakagusa kwa chavua yake, wakalifunika tena na kufunga uzi wa alama. Kitumba kikikomaa huwa na mbegu thelathini hivi. Kwa kanda ya pamba ya magharibi mwa Tanzania, kazi hii imefanyika Ukiriguru, katika Wilaya ya Misungwi, kusini mwa mji wa Mwanza, tangu miaka ya 1930. Ndipo lilipotoka jina la UK katika mbegu kama UK77, UK82, UK91 na UKM08. Herufi zile ni za Ukiriguru.

Kwa nini walihangaika hivyo? Tutoe mfano wa mdudu mdogo wa kijani aitwaye chawa-jani, anayerukaruka chini ya jani la pamba na kunyonya maji yake. Ukingo wa jani hujikunja, huwa manjano, kisha mwekundu kana kwamba umeunguzwa na moto. Zamani mdudu huyu aliharibu pamba nyingi katika Afrika. Katika miaka ya 1920 mtaalamu mmoja, F. R. Parnell, aliyefanya kazi Barberton katika Afrika ya Kusini, aliona kwamba mashina yenye majani ya manyoya hayakuumizwa sana. Manyoya yale humzuia mdudu kukaa na kutaga mayai. Akachagua mashina hayo, na katika uzao wake ikapatikana pamba iitwayo U4, iliyosambaa katika nchi nyingi. Huku Ukiriguru nako pamba yenye manyoya ikachaguliwa. Leo mkulima wa Maswa akipapasa chini ya jani la pamba yake na kuona ukwaruzo, ajue kwamba anagusa urithi.

Baada ya chawa-jani likaja shauri la ugonjwa wa bakteria uitwao mkono mweusi, ambao huweka madoa kwenye jani, hukausha tawi na kuozesha kitumba. Katika Sudan mtaalamu R. L. Knight alionyesha kwamba nguvu ya kuupinga ugonjwa huo yatoka katika jeni chache zinazofuata sheria ya Mendel. Yeye na mwenzake Clouston waliandika habari hiyo mwaka 1939. Lakini palikuwa na tatizo. Mmea wenye nguvu ya kupinga ugonjwa haukuwa na nyuzi ndefu na laini kama pamba ya Kimisri iliyolimwa Sudan. Ukiwaozesha, mtoto hupata nusu ya kila kitu, kizuri na kibaya pamoja.

Dawa yake ilikuwa kumrudisha mtoto kwa mzazi. Mtoto wa kwanza ana nusu ya urithi wa pamba ile nzuri. Humchukua mtoto huyo, wakamwozesha tena na pamba nzuri. Mjukuu sasa ana robo tatu. Hurudia tena, akapata sehemu saba kwa nane. Kila mara huwatia watoto ugonjwa kwa makusudi, na wale wanaosimama ndio wanaorudishwa. Baada ya kurudishwa mara sita, kwa wastani sehemu 127 katika 128 ni za pamba nzuri, na ile sehemu moja iliyobaki yapaswa kuwa na ngao waliyoitafuta. Twaona basi kwamba kazi hii haina mkato. Kila kurudisha ni msimu mzima wa kupanda, kungoja na kuchagua.

Wakati mwingine urithi husafiri mbali kuliko watu. Pamba iitwayo Allen ilipelekwa Nigeria kutoka Uganda. Huko Nigeria wakachagua ndani yake mashina yaliyostahimili mkono mweusi, wakayaita Albar. Kisha Albar ikarudi Uganda kama mtoto aliyekwenda ugenini na kurudi na elimu. Katika uzao wake zikapatikana BPA ya Bukalasa na SATU ya Serere. Damu ya Albar iliingizwa pia katika pamba za Ukiriguru.

Katika miaka ya 1950 adui mwingine alionekana katika kanda ya Ziwa: ugonjwa wa mnyauko, unaotoka katika ukungu wa udongoni aina ya fuzari. Shina hunyauka likiwa na afya machoni, na ukilipasua utaona ndani limekuwa la kahawia. Ukungu huo ukiingia katika udongo hukaa miaka mingi, tena waweza kuchukuliwa na mbegu yenyewe. Hapana dawa ya kunyunyiza inayouponya. Ngao ni urithi tu. Basi wataalamu walipanda watoto wa ndoa zao katika udongo wenye ugonjwa kwa makusudi; waliokufa wakaachwa, waliosimama wakawa wazazi wa mbegu zilizofuata.

Hata hivyo, wasomaji, mzazi hatoi zawadi isiyo na gharama. Manyoya yale yanayomfukuza chawa-jani huwapendeza inzi weupe, na nondo mzazi wa funza wa vitumba hupenda kutaga mahali penye manyoya. Tena majani makavu yenye manyoya hushikamana na nyuzi wakati wa kuvuna, pamba ikawa chafu. Wala si kila sifa hutawaliwa na jeni moja au mbili. Urefu wa nyuzi, wingi wa mavuno, uwezo wa kuvumilia jua, hizi zatoka katika jeni nyingi zikifanya kazi pamoja, na shamba nalo lina sauti yake. Shina nene lililoota penye kinyesi cha ng'ombe halina lazima ya kuwa na urithi bora; labda lilishiba tu.

Je, mama na baba hutoa sawasawa? Katika mambo mengi, ndiyo. Lakini lipo jambo moja ambalo mara nyingi ni la mama peke yake. Ukijani wa jani hukaa katika vijichembe vilivyo nje ya kiini cha seli, na katika mimea mingi vijichembe hivyo hupita kwa yai la mama, si kwa chavua. Mtaalamu Carl Correns alilionyesha hili mwaka 1909 katika ua lenye majani yenye mabaka ya kijani na meupe. Hata leo watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga ua liitwalo hosta, ambalo asili yake ni Japani, China na Korea, wanajua neno hili vizuri. Wakitaka watoto wenye michirizi, mmea wa michirizi lazima uwe mama. Ukiwa baba, watoto hawapati michirizi ile.

Na ipo mimea ambayo huku kwetu hatuipandi kwa ndoa kabisa. Mama anayekata michembe au kupika matobolwa anajua kwamba viazi vyake vyatoka katika marando aliyoyakata mwenyewe. Rando hilo halina baba. Ni mama yule yule aliyeendelea kuishi katika tuta jipya. Kwa hiyo kiazi kitamu cha mwaka huu kitakuwa kitamu mwaka ujao. Lakini marando yakiwa na ugonjwa wa virusi, nao huendelea vile vile. Basi chagueni marando katika tuta lenye afya, msichukue tu yale yaliyobaki.

Sasa turudi kwa mama wa mahindi, kwa maana alituuliza, "Nifanye nini?" Tulimjibu kama tutakavyowajibu ninyi.

Kwanza, ajue jina la mbegu yake. Mahindi chotara ni watoto wa kwanza wa wazazi wawili walioandaliwa mbalimbali. Hutoka sawasawa na wenye nguvu. Lakini ukipanda punje ulizovuna humo, unapanda wajukuu. Hapo yale yaliyofichwa hutokea: wengine warefu, wengine wafupi, wengine dhaifu, na mavuno hupungua. Si kosa la muuzaji wala uchawi wa jirani. Ni hesabu ya Mendel. Mbegu ya chotara yafaa kununuliwa kila mwaka. Mbegu isiyo chotara, ile inayojizalia shambani kwa ukoo wake, yaweza kuwekwa kwa misimu kadhaa ikitunzwa.

Pili, aitenge. Mita 200 au zaidi kati ya mahindi ya aina mbili hupunguza sana ndoa za wizi. Mwenye shamba dogo na apatane na jirani yake wapande aina moja, au mmoja atangulie majuma manne hivi, ili maua yasikutane. Maneno mawili ya jirani mwema kabla ya mvua yaweza kuokoa mbegu ya nyumba mbili.

Tatu, achague shambani, mmea ukiwa umesimama, wala asichague ghalani. Ghalani huona hindi tu. Shambani huona shina, jani, ugonjwa na majirani zake. Na achague katikati ya shamba, mbali na mpaka, mashina mengi yasiyopungua makumi, kwa kuwa mbegu ya mashina mawili matatu hudhoofisha ukoo.

Nne, juu ya pamba: mkulima huuza pamba na mbegu yake pamoja, na mbegu hutengwa kiwandani kwenye kinu cha kuchambulia. Pamba za aina mbili zikichanganywa katika kinu kimoja, hakuna jicho litakalozitenga tena. Miaka ya kuchagua, kurudisha na kujaribu katika udongo wenye mnyauko yaweza kumwagwa katika gunia moja kwa asubuhi moja. Basi mtu asichanganye mbegu za msimu uliopita na mpya, wala asipande mbegu asiyojua ilikotoka kwa sababu tu ni rahisi. Hasara yake haionekani Novemba wakati wa kupanda. Huonekana miezi mingi baadaye, wakati ada ya shule inapodaiwa na mashina yamenyauka.

Kwenu ninyi walimu twawapa kazi ndogo ya shamba la shule. Chukueni punje zile za manjano hafifu katika hindi jeupe. Zipandeni peke yake, mbali na mahindi mengine, na mwaka wa pili wafanyeni watoto wamenye na kuhesabu: ngapi za manjano, ngapi nyeupe. Wasihesabu hindi moja tu, bali mengi, maana hindi moja laweza kupotoka. Hesabu ya mahindi mengi itakaribia tatu kwa moja, ile ile aliyoiona mtawa wa Brno. Mtoto aliyeihesabu kwa vidole vyake hataisahau.

Yule mama alizitenga punje zake za manjano katika kibuyu kidogo, akakifunga kwa kitambaa. "Hizi," akasema, "sitazipanda pamoja na nyeupe." Babu akamwuliza, "Na zile nyeupe zilizokuwa karibu nazo katika hindi lile, je, hizo wazijua baba yao?" Mama akatazama lile hindi kitambo, akafikiri. Kisha akaelewa kwamba hizo angalau zimekwisha kujieleza. Kama baba angekuwa wa manjano matupu, nazo zingekuwa manjano. Akatabasamu. Lakini juu ya urefu wa shina, na ugonjwa, na kuvumilia jua, rangi ile haikumwambia neno. Akalipeleka hindi lote jikoni, akaenda shambani kutafuta mbegu yake katikati ya shamba, penye mashina ambayo hayajavunwa bado.